Dirisha Ndani ya Jicho

9 Januari

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na umpe Bi Dobi zake kabla hajaziulizia. Mimi ni mzima, kile kikohozi cha safari kimekwisha. Hofu ni kwako tu: mvuke wa pasi bado unakuchoma mikono? Yale mafuta niliyokuachia unayapaka, au umeyaweka kabatini yakae kama mapambo?

Nilipokuwa huko uliniuliza nafanya nini hasa pale studio. Nikakujibu "naandika," ukacheka, ukasema hiyo si kazi, ni ugonjwa. Basi nikueleze vizuri. Bosi wetu, yule tunayemwita Kivuli kwa sababu neno hilo halimtoki mdomoni, anafundisha kupiga picha za watu. Si milima, si ndege. Watu tu. Ana warsha za aina nne, na mimi ndiye ninayetunga maneno ya kuwavuta wanafunzi.

Nimekaa nazo sana, na nimeona kila moja inauza kitu ambacho hakimo kwenye tangazo. Wanaokuja warsha ya harusi wanataka biashara. Hao ni rahisi, waandikie neno "wateja" utawaona mlangoni. Wa watoto wachanga wanataka kushika kitu laini. Wengi ni akina mama ambao watoto wao wamekua na hawabebeki tena. Wa picha za mtaani wanaogopa watu, wanadhani kamera ni ngao.

Ya nne ni mpya. Inaitwa Uso Mmoja. Mwanafunzi anakaa na mtu asiyemjua, anampiga picha yeye tu, Jumamosi baada ya Jumamosi. Hii ilinishinda kabisa. Kisha nikaelewa kwamba kinachouzwa pale ni ruhusa. Ruhusa ya kumkodolea mtu macho bila kuambiwa huna adabu. Nikaandika: "Njoo umtazame mtu mpaka umwone." Kivuli aliruka kwenye kiti.

Sasa dada, nina ombi, na ukikataa sitanuna. Bango linahitaji uso. Kivuli ameikuta ile picha niliyokupiga dirishani, ilikuwa bado kwenye kamera ya kazini. Akavuta kiti, akakaa nayo. Akasema, "Hii itajaza darasa." Nikamwambia huyo si mwanamitindo, ana sababu zake za kutoonekana. Sababu sikuzitaja, wala hajui kwamba wewe ni dada yangu. Akasema basi tuikate, tubaki na nusu: jicho moja, shavu, pembe ya mdomo. Kwingine kote giza. Nimeijaribu kwenye kompyuta. Hata mama hawezi kukujua.

Ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Najua hiyo si sababu. Nijibu kupitia kwa fundi saa kama kawaida, na usishawishike kununua simu. Simu ndiyo iliyompa mumeo njia ya kukupata mara ya kwanza.

Mdogo wako


27 Januari

Msomi wangu,

Barua yako nimeipata. Fundi saa ameniletea akiwa ameikunja ndani ya gazeti, anatazama kulia na kushoto kama muuza magendo, mpaka watu wasiokuwa na habari nasi wakageuka kutuangalia. Sijambo. Mikono inaendelea vizuri, mafuta nayapaka. Bi Dobi anakusalimu, anasema safari ijayo uje na mchumba, kamera hailishi mtu.

Ombi lako lilinikasirisha kwanza. Mwaka wa tatu sasa naishi chumba chenye dirisha moja. Nafunga pazia kabla ya kuwasha taa. Nimebadilisha jina mpaka nikiitwa lile la zamani nadhani anaitwa mwingine. Halafu mtoto wa mama yangu anataka kunibandika ukutani!

Kisha nikaikumbuka siku ile. Uliniambia, "Tazama nje, usinitazame mimi." Nikatazama nje, nikasahau kwamba upo. Unajua tangu lini nimetazamwa bila kukaza shingo? Yule bwana alikuwa ananitazama nikila. Alinitazama nikilala, nikizinduka namkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono magotini. Wewe ulinitazama, na hakuna mahali paliponiuma.

Kwa hiyo bandika. Nusu tu. Jicho moja halina jina wala anwani. Na usinicheke, lakini nimefurahi. Mpiga pasi wa mashuka ya hoteli, leo yuko kwenye bango! Nimejiangalia kwenye kioo cha Bi Dobi, nikiziba upande mmoja, kisha mwingine. Nusu ya kulia ndiyo nzuri, umechagua vyema. Ya kushoto ndiyo ile aliyoitengeneza yeye.

Mama usimwambie. Ataanza kulia kwanza, ndipo aulize kuna nini.

Dada yako


20 Februari

Dada,

Salamu za leo ni fupi, nisamehe. Mimi mzima. Funga mlango ndipo uendelee kusoma.

Bango limejaza darasa mpaka wengine tumewarudisha. Jumamosi ilikuwa somo la kwanza. Kivuli aliwasha projekta, akaiweka picha yako ukutani, ukaujaza ukuta mzima. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma karibu na birika la chai, najisifu kimoyomoyo. Akasema, "Kabla hamjajua kumpiga mtu picha, jueni kuisoma. Huyu alikuwa wapi?"

"Gizani," mmoja akasema. Wakacheka.

"Alikuwa anatazama nini?"

Wakatazamana.

"Basi muulizeni mwenyewe," Kivuli akasema, akaanza kulikuza jicho.

Dada, sikujua. Kwamba mwanga huacha alama jichoni nilijua, kila mpiga picha anajua. Ni kile kidoa cheupe kinachomfanya mtu aonekane hai. Lakini sikujua kamera ile ni kali kiasi hicho. Akakuza, akakuza. Kope zako zikawa kama matete. Kile kidoa kikawa dirisha. Dirisha likatokeza nondo zake, zile zilizosukwa kama wavu. Na nje ya nondo, kadogo lakini wazi kama sura ndani ya kijiko kilichosuguliwa, kulikuwa na tangi la maji juu ya miguu yake, limeinama upande, na bomba la moshi la kiwanda ubavuni.

Tangi lenyewe unalijua. Yeyote aliyewahi kupita mji huo hata ndani ya basi analijua, kwa maana kila abiria lazima aulize, "Hilo litaanguka lini?"

Darasa likapiga makofi. Mimi nilijimwagia chai mapajani na sikusikia moto.

Kuna mwanafunzi mmoja hakupiga makofi. Mama mrefu, mpole, fundi cherehani. Asubuhi alikuwa ametuchekesha wote, maana hampigi mtu picha kabla ya kumpima kwa macho: "Wewe mabega kumi na saba, kwenu kulikuwa na chakula." Sasa akanyoosha mkono. "Mwalimu, hicho hapo nje ni nini?" Kivuli akasema ni tangi, bila shaka. Yule mama akasema, "Aa." Akafunga begi lake taratibu.

Wakati wa chai akanisogelea. "Mwanangu, huyu dada wa kwenye bango mlimtoa wapi?"

"Ni mtu tu, alikuwa anapita."

Hakunitazama usoni. Alinitazama hapa, chini ya shingo, kutoka ncha hadi ncha. "Mabega yenu yamekatwa kwenye kitambaa kimoja," akasema.

Baada ya chai hakurudi darasani. Ameondoka na kamera tuliyomwazima, Kivuli anamwita mwizi. Natamani awe mwizi.

Ulipoolewa nilikuwa masomoni ng'ambo, watu wa kwao simjui hata mmoja. Niambie, yule bwana ana dada? Ana binamu anayeshona? Niambie si yeye.

Jumapili niliingia studio peke yangu nikalifuta lile dirisha. Mahali pake nimeweka mwavuli wetu wa taa, ule mweupe, uliomo machoni mwa kila mtu aliyewahi kupigwa picha hapa ndani. Nimebadilisha kwenye kompyuta ya darasani, na picha ya asili nimeifuta kila mahali. Lakini walichokwisha kukiona siwezi kukifuta.

Ondoka huko. Hata kama nimekosea, ondoka, halafu uje unicheke.

Mdogo wako


21 Februari

Msomi,

Hujambo huko? Sisi hatujambo. Naandika kabla hujanijibu kwa sababu leo nimeamka na raha, na raha ikikaa peke yake inachacha.

Bi Dobi amenunua pasi mpya. Ameificha ya zamani ili mimi nisiilinganishe nayo nikagundua ameuziwa mbovu. Nimekwisha gundua. Namwacha.

Vipi bango? Kuna mtu ameniuliza? Najua, najua, natania.

Jana alikuja mteja mgeni, mama mrefu, na kitambaa cha meza ambacho hakikuwa hata kichafu. Mimi nilikuwa huku nyuma kwenye mvuke, sikumwona. Bi Dobi anasema alisimama mlangoni akilitazama tangi, kisha akayatazama madirisha ya juu, moja moja, kama mtu anayetafuta chumba cha kupanga. Atarudi kukichukua. Bi Dobi kamwita mshamba, lakini kitambaa nimekinyoosha mwenyewe na si cha mshamba. Pindo limeshonwa kwa mkono, sindano fupifupi, zote zimelala upande mmoja. Limenikumbusha mtu. Ila mimi siku hizi kila kitu kinanikumbusha mtu, hata mlio wa ufunguo.

Salimia kazi. Kula vizuri.

Dada yako


4 Machi

Dada,

Barua zetu zimepishana njiani. Yako nimeisoma nikiwa nimesimama, na nikimaliza naona sijaelewa, naanza tena. Mama mrefu. Madirisha moja moja.

Ni huyohuyo! Umenisikia? Kama hujaondoka, usimsubiri akifuate kitambaa chake.

Nilikata tiketi nije. Niliingia kwenye basi, nikakaa, nikaweka mfuko mapajani. Ndipo nikamwona mtu viti vitatu nyuma akisoma gazeti bila kugeuza ukurasa. Labda ni mtu tu na gazeti lake. Nikashuka. Nikija kwako naweza kuwa ndiye ninayemleta, na nisipokuja nimekuacha peke yako naye. Nimekaa katikati ya hayo mawili kama mtu aliyebanwa na mlango.

Andika hata neno moja. Andika "nipo."

Mdogo wako


26 Machi

Dada,

Hujambo? Sijui kama nakusalimia wewe au naongea na ukuta, ila mama alitufundisha salamu haiozi. Fundi saa hajibu. Mimi kwa nje sijambo.

Yule bwana amekuja.

Ilikuwa mchana kweupe. Kivuli alikuwa chumba cha ndani anafunga taa. Akaingia mtu nadhifu, akajifuta viatu mlangoni vizuri sana, akasimama mbele ya bango. Nikadhani ni mteja. Nikaanza maneno yangu: warsha zetu ni za kila ngazi, huhitaji uzoefu, unahitaji moyo wa kutazama tu. Aliniacha nimalize. Kisha bila kugeuka akasema, "Unaongea vizuri, shemeji. Dada yako alikuwa akikusifia."

"Umenifananisha," nikamwambia. Sauti ilitoka kama ya mtoto.

"Picha yako ya mahafali ilikuwa ukutani kwangu, nitakufananishaje?" Alisema kwa upole, dada. Hukuniambia kwamba ni mpole. "Mnaweza kuukata uso wa mke wa mtu katikati. Mwenyewe ataijua nusu yake."

Halafu akanieleza, kama tunazungumza habari za hali ya hewa. Bango aliliona ukutani mwa duka moja. Akamtuma dada yake aje asome, auone huo uso vizuri, aulize. "Karudi ananiambia huku ni upuuzi mtupu. Ati mnalikuza jicho mpaka linakuwa dirisha, na dirishani hamna kitu. Jeupe. Tangu hapo ameondoka, kafuata kazi ya kushona mahali, simpati. Macho yake hata hivyo yamekwisha kwa cherehani. Nimekuja na yangu."

Hamna kitu, alimwambia. Nilisikia maneno hayo yakipita na sikuwahi kuyashika, kwa sababu Kivuli alichungulia akiwa na waya shingoni. "Nani anaulizia jicho?"

Unajua alivyo. Mtu akiulizia jicho, hata nyumba ikiwaka atamwonyesha kwanza. Akawasha projekta. Ukatokea ukutani. Yule bwana akasogea karibu mno, mpaka kope zako zikawa zinalala kwenye shati lake. Kivuli akakuza, akakuza. Nikaona mwavuli mweupe unakua.

Kivuli akasimamisha mkono. Picha anazofundishia anazijua kama anavyoyajua meno yake. Akautazama ukuta. Akanitazama mimi. Sijui aliona nini usoni mwangu, lakini ndiyo kazi yake, kusoma nyuso.

"Hicho ni nini?" yule bwana akauliza.

"Mwavuli wa taa. Ule pale kwenye kona."

"Kwa hiyo ilipigwa hapa?"

Kivuli hajawahi kudanganya kuhusu mwanga, hata kwa mteja anayelipia kudanganywa. Akasema, "Hapahapa. Kwenye kiti hicho."

Yule bwana akakiendea kiti. Akaushika mgongo wake kwa kiganja, akakiacha kiganja pale kama mtu anayepima kama pamepoa. "Basi atarudi," akasema. "Mtu hawezi kukaa mbali na mdogo wake."

Sasa yuko ng'ambo ya barabara. Kila siku. Anaagiza soda, haimalizi. Nikifunga mlango jioni anasimama, ananifuata hadi kona, ananiambia, "Salama, shemeji." Nilikwenda polisi. Waliniuliza kama amenigusa. Nikasema hapana. Wakasema basi. Kivuli hajaniuliza lolote. Bango amelibandua kwa kucha zake, na jioni ananisindikiza hadi mlangoni kwangu, anahutubia habari za lenzi kwa sauti kubwa njia nzima ili kila mtu ajue siko peke yangu. Barua hii ataipeleka yeye, posta ya mbali.

Jambo moja tu linanisimamisha. Mtu aliyekwisha kukupata asingekaa anakunywa soda mbele ya mlango wetu. Kwa hiyo hajakupata. Lakini yule mama aliliona tangi, alifika hadi mlangoni kwenu, na wewe umenyamaza. Nayapanga haya kila namna na hayakubali kukaa sawa.

Andika "nipo."

Mdogo wako


(haina tarehe, haina mahali)

Mdogo wangu,

Nipo.

Mimi ni mzima. Barua zako zote fundi saa amezipatia njia ya kunifikia, usiulize njia gani. Safari hii hofu uniachie mimi niwe nayo kwako.

Yule mama ni wifi yangu. Alirudi kukifuata kitambaa chake siku ambayo Bi Dobi amekwenda sokoni, kwa hiyo mimi ndiye niliyemtolea. Nilipomwona nilikiangusha. Nikatafuta mlango wa nyuma kwa macho. Akainama, akakiokota, akakikunja, akasema, "Wifi, hata pindo langu hulijui? Nilikuachia makusudi uone, ukimbie kabla sijarudi. Wewe umekaa unalipiga pasi!"

Nilicheka, Msomi.

Kule nyumbani chumba chake kilikuwa upande wa pili wa ukuta wetu. Nilikuwa nikianza kulia, cherehani yake inaongeza mwendo. Nilidhani hasikii. Aliniambia, "Nilikuwa nakanyaga ili nisikusikie. Siku hizi kila nikikaa kushona, wewe unaanza." Basi. Hakusema zaidi wala sikumwongeza. Niliondoka naye kabla pasi haijapoa. Bi Dobi aliachiwa mashuka yake na busu hewani.

Sasa sikiliza. Umeniwekea mwavuli jichoni, umenitoa dirishani kwangu, umeniketisha kwenye kiti chenu. Ndiyo maana anakisubiri hicho kiti. Anakusubiri wewe. Usimfanye akuzoee. Nenda kwa mama, na ukienda usiende jioni, wala usiende peke yako. Huyo Kivuli anayehutubia barabarani, mwombe akubebee mfuko. Mtu anayedanganya vizuri mara moja tu maishani mwake, tena kwa ajili ya mwingine, anafaa kubeba mfuko.

Ndani ya bahasha kuna picha. Ameipiga wifi kwa kamera yenu. Mwambie Kivuli si mwizi, ataipata. Mwanafunzi wenu alihudhuria nusu ya somo moja na akalielewa kuliko darasa zima. Alinisimamisha kwenye ukuta mtupu. Akanivua hereni, maana nazo zinang'aa. Akanipima kwa macho, akasema, "Umekonda, nguo zako zote ni za kupunguza." Akanyanyua kamera, akaishusha tena. Halafu akaniambia nifumbe macho.

Ni uso mzima, pande zote mbili. Mwonyeshe mama.

Usiikuze. Humo hamna kitu, ila mimi.

Dada yako